Nyayo za Nta Chini ya Kitanda

Picha za mwanangu wa kwanza zilifutwa na fundi simu pale Mpanda mjini, na aliyezifuta hakuwa na kosa. Simu ya mume wangu ilikuwa imeganda. Fundi aliuliza, kama wanavyouliza wote, "Humu kuna vitu vya maana?" Mume wangu akajibu kwamba kuna namba za watu tu. Fundi akaiflashi. Simu ikarudi nyumbani inawaka kama mpya, na mtoto wetu hayumo.

Ilikuwa miezi miwili tangu tumzike. Alikuwa wa kiume, malaria ilimchukua akiwa na mwaka mmoja na miezi minne, hapahapa kijijini kwetu Litapunga. Siku ya tatu baada ya mazishi, akina mama wa ukoo wa mume wangu waliingia chumbani wakakusanya nguo zake zote, kofia, soksi, hata beseni lake la kuogea. Vilivyofaa walivigawa mbali, visivyofaa wakavichoma. Ndivyo wanavyofanya kwao. Wanasema mama akiachiwa nguo za marehemu atakaa anazinusa mpaka apate kichaa. Sikubisha, kwa sababu nilijua picha zipo kwenye simu.

Kwa hiyo siku ile nilimrukia mume wangu. Nilimwambia maneno ambayo nilifundwa kwamba mke hamwambii mumewe, na yalipoisha nikabuni mengine. Alikaa kwenye kigoda, simu mkononi, anarudia, "Nilisahau. Nilisahau kama zimo." Sasa nilikuwa nategemea kichwa changu peke yake, na kichwa changu si cha kuaminika. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa sikumbuki kishimo cha shavuni kilikuwa upande gani. Nikaanza kuuliza watu. Jirani alisema kulia, mama mkwe alisema kushoto, mume wangu alisema mtoto hakuwa na kishimo.

Alipozaliwa wa pili, wa kike, niliapa kwamba huyu hatanipotea hivyo. Sikuapa kwamba hatakufa. Nani anaweza kuapa hilo? Niliapa tu kwamba liwalo na liwe, nitabaki na kitu mkononi.

Nilianza na nguo. Kila iliyombana niliikata kipande, nikakishona kwenye blanketi la viraka ambalo lilikuwa linakua pamoja naye. Nywele za kwanza tulizomnyoa nilizishonea ndani ya kimto kidogo. Nilidarizi kitambaa cha kochi, maua pembeni, na katikati uzi mwekundu wenye urefu wake sawasawa siku aliyofikisha miezi mitatu. Wageni walikalia kochi wakaegemea urefu wa mwanangu bila kujua. Mume wangu alikuwa anatazama tu. Siku moja akaniuliza, "Huyu mtoto unamlea au unamhifadhi?" Nikamwambia mtu aliyesahau picha asiniulize maswali.

Lakini nilichokipenda kuliko vyote ni nta. Mume wangu ni mrina asali. Mizinga yake iko msituni, siku mbili kwa baiskeli, na akienda hukaa huko wiki mbili au tatu, mahali ambapo simu haishiki. Akirudi na masega tunakamua asali, kisha makapi tunayachemsha na maji, tunachuja kwa gunia, na nta inaganda juu ya maji, ya manjano, inanukia nyumba nzima. Siku moja tulipokuwa tunachemsha hivyo, mtoto alikuwa na mwezi mmoja na nusu. Nilikuwa nimempakata, nta inapoa kwenye sufuria, na kidole changu kilipoigusa kikaacha alama yake yote, mpaka mistari ya ngozi. Nikatazama kidole, nikatazama mguu wa mtoto.

Kazi yenyewe ina ujanja wake. Unapaka kisosi sabuni ili nta isishike. Unamimina, unasubiri ianze kufanya ngozi juu. Unaipima kwa kifundo cha mkono, kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Ikiwa ya moto utamchoma, ikipoa haikubali alama. Mguu unaupaka mafuta ya alizeti, kisha unamsubiri atulie, maana mtoto akijua unataka mguu wake ndipo anaukunja. Unakandamiza mara moja tu. Ukirudia umeharibu. Nilichukua wa kushoto, kwa sababu nilikuwa nampakata mkono wa kulia na wa kushoto ndio uliokuwa karibu. Baada ya hapo, kila mwezi nilichukua uleule, nikaandika mwezi pembeni kwa sindano.

Nilivitundika vile visahani vya nta ukutani kwa kamba, jirani na kalenda. Unyayo wa kwanza ulikuwa mdogo kama ganda la karanga, nasema kweli. Nilikuwa napitisha kidole kwenye vidole vyake mtoto mwenyewe akiwa amelala kitandani, mzima, anapumua. Nilijua ni ujinga. Mwenye mtoto anashika nta.

Mama mkwe hakupenda. Nyumba yake iko hatua ishirini kutoka kwetu na alikuwa anakuja kila asubuhi kumchukua mjukuu wake. Si mwanamke wa makelele. Alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, akasema, "Mkamwana, mtu aliye hai hafanyiwi kumbukumbu. Kumbukumbu ni ya waliokwenda."

"Ni urembo tu, mama."

"Urembo una shanga. Huu ni mguu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kisha ikaja Oktoba. Anayeijua Mpanda anaijua Oktoba yake, jua limeshika bati tangu asubuhi na ndani ya nyumba hata kuku hawaingii. Tulirudi kutoka kuandaa mashamba, nikakuta visahani vitatu vimelegea, vimedondoka sakafuni, vimelala kama mandazi yaliyokaliwa. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nililia mpaka jirani akaja akidhani kuna msiba. Nilipomwonyesha, alitazama ile nta, akanitazama mimi, akaondoka.

Vilivyobaki vilikuwa sita na vilikuwa vinaanza kutoa jasho. Nikafikiri kama mtu wa hapa anavyofikiri. Kitu kisichotaka joto kinawekwa ardhini. Mtungi wa maji tunauchimbia, mbegu za viazi tunazifukia, mama yangu alikuwa anafukia hata ndimu. Sakafu ya chumba chetu ni udongo, na chini ya kitanda ni baridi mwaka mzima. Nilichukua chungu, nikatandika majivu chini ili mchwa wasije, nikafunga kila unyayo kwenye jani la mgomba. Nikachimba chini ya kitanda, upande wa ukutani, nikakiweka chungu, nikakifunika kwa kigae, nikarudishia udongo na kuusiliba vizuri. Kila mwezi nilifukua, nikaongeza mmoja, nikafukia.

Sikumwambia mtu. Mama mkwe alipouliza zile nyayo zimeenda wapi, nilimjibu zimeyeyuka. Nilitaka kuepusha maneno.

Mtu yeyote aliyekulia Katavi ameshaona tayari nilichokifanya. Mimi nimekulia hapa, nimesoma hadi kidato cha nne, na sikukiona. Tangu utotoni tunaambiwa usiache unyayo wako kwenye tope mbele ya mtu asiyekupenda. Mchawi haji na panga. Anachukua udongo ulioukanyaga, anaufunga kwenye jani, anautia kwenye chungu, anaufukia, na wewe unaanza kukauka. Kila mtoto anaijua hadithi hiyo kabla hajajua kuhesabu. Na mimi nilichukua unyayo wa mwanangu mwenyewe, jani, chungu, majivu, chini ya kitanda anacholalia. Akili ya mtu anayeogopa kitu kimoja haioni cha pili. Ndiyo sababu pekee niliyonayo.

Februari, mvua zikiwa zimechachamaa, mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Alikuwa ametembea tangu Desemba, anakimbia kama bata. Homa ilianza Jumanne jioni. Jumatano tulikwenda zahanati wakampa dawa, akazitapika, tukarudi wakampa nyingine. Mume wangu alikuwa msituni. Alhamisi asubuhi mtoto alikuwa amelegea, macho yamegeuka juu, na kabla sijamfunika akaanza kutetemeka. Degedege. Nilikuwa nimeliona kwa kaka yake. Nilijua kila hatua inayofuata, na kwamba hazikuwa nyingi.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye mwenye pikipiki. Tulimwita, akasema anavaa koti la mvua anakuja. Degedege likaachia, mtoto akabaki anapumua kwa kukoroma. Bati lilikuwa linavuja juu ya kitanda, na mama mkwe akasema tukisogeze mtoto asilowe wakati tunasubiri. Nilikuwa nimempakata, kwa hiyo alisogeza mwenyewe. Mguu wa kitanda ukapita kwenye udongo laini. Ukazama. Nikasikia kigae kinavunjika.

Alipiga magoti akachimba kwa mikono. Ningeweza kusema kitu. Nilikuwa natazama kifua cha mtoto, nahesabu pumzi, na maneno yote yaliyonijia yalikuwa ya kumwomba Mungu. Akatoa chungu, akatoa jani, akalifungua. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Hakukasirika. Aliogopa mpaka midomo ikawa kijivu.

"Nani ameweka hivi vitu?"

"Ni mimi, mama. Ni zile za ukutani. Niliziweka kwa ajili ya jua."

"Kwa ajili ya jua," alisema. "Mwezi wa pili huu. Jua liko wapi?"

Shemeji alipofika alikuta chungu kiko mlangoni na mama yake amesimama mbele ya chungu hicho. Alichungulia. Akarudi nyuma, akazima pikipiki. Mpaka leo naisikia ile injini inavyonyamaza.

"Mtoto haendi popote mguu wake ukiwa umefungwa," mama mkwe alisema. "Mkimpeleka hivi, mnapeleka maiti. Aliyefunga ndiye afungue. Aziyeyushe kwa mkono wake, maji ya mvua yazichukue, ndiyo muondoke."

Niliwaambia tuondoke kwanza, nitayeyusha nikirudi, nitayeyusha na nyumba nzima wakitaka. Niliwaambia ni malaria. Nilisema neno malaria mara nyingi mpaka likakosa maana. Shemeji alikuwa anatazama chini. "Shemeji, siwezi kumbeba hivi," alisema. "Akinifia njiani nitasema nini kwa kaka? Maliza hili, ni dakika chache tu. Nitawakimbiza."

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoka kwa miguu. Mvua ilikuwa inapiga, njia yote ni tope, na kufika lami ni mwendo wa saa mbili kwa mtu asiye na mzigo. Nilifika kwenye mfereji wa pili. Kichwa chake kilikuwa kinagonga mgongo wangu kila hatua, hakikazi. Mfa maji haachi kutapatapa, lakini mimi nilikuwa natapatapa na mtoto mgongoni, na nilijua pikipiki iko nyuma yangu, imeegeshwa, ina mafuta. Nikageuka.

Kuni zilikuwa zimelowa. Sitaki kueleza sana habari ya zile kuni. Nilizipuliza mpaka nikaona nyota. Nilichoma mfuko wa nailoni, nilichoma ndala, nilichoma blanketi la viraka kwa sababu lilikuwa kavu na karibu. Maji yalikataa kuchemka. Mama mkwe alikuwa amempakata mtoto, anampepea na kumwimbia kwa Kikonongo, machozi yanamtoka mpaka shingoni. Nilitaka kumchukia na sikupata nafasi. Nyayo ziliingia moja moja kwenye sufuria. Ule wa Januari ulikuwa wa kwanza baada ya kujua kutembea, vidole vimetanuka, kisigino kimeanza kuwa kigumu. Nilitaka kuutazama kidogo. Shemeji akasema, "Tia tu." Nikautia.

Nilipomwaga ile nta kwenye mfereji wa mvua iliganda papo hapo, vipande vya manjano vikaelea kuelekea bondeni. Mama mkwe akahema. "Haya," alisema, "sasa mwanangu amefunguliwa." Tangu pikipiki izimwe hadi iwashwe ulipita muda wa saa moja na nusu. Najua kwa sababu redio ya jirani ilikuwa inasoma taarifa ya habari pikipiki ilipozimwa, na ilikuwa imeshafika kwenye salamu za wasikilizaji tulipoondoka.

Njiani degedege lilirudi mara mbili. Hospitalini muuguzi alimpokea anakimbia, akamtundikia dripu, akaniuliza degedege la kwanza lilianza saa ngapi. Nilimwambia. Alitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama, kisha akaendelea kuandika. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze.

Mtoto alilala siku tatu hajui mtu. Siku ya nne alifungua macho akaniita. Nilipiga magoti palepale kati ya vitanda, mbele za watu, nikamshukuru Mungu kwa sauti, na mama mkwe aliyekuwa ameleta uji akapiga magoti pembeni yangu. Siku ya sita tulipomsimamisha, mguu wa kushoto haukukaza. Daktari alisema homa ilipanda kichwani, sehemu ya ubongo inayoendesha mguu imeumia, tumfanyishe mazoezi, watoto wengine hurudi sawa. Nikamuuliza, kama tungefika mapema? Akasema hayo hayajulikani, mama.

Mama mkwe anayajua. Anasema tungechelewa kuufungua ule mguu tungerudi na jeneza, na kwamba kilichobaki ni kovu la mahali kamba ilipokuwa. Mimi nayajua vilevile. Nasema ile saa moja na nusu ndiyo iliyoula mguu. Mume wangu alirudi kutoka msituni baada ya siku tisa, akamsikiliza mama yake nyumbani kwake, akanisikiliza mimi nyumbani kwetu, akaenda kukaa nje mpaka jioni. Tangu siku hiyo nta haiingii ndani ya nyumba hii. Anachemshia kwa mdogo wake. Mimi na mama mkwe tunalima pamoja, tunakula pamoja, tunasali jumuiya moja. Hatujawahi kulizungumza tena. Kuna siku namtazama akimkanda mtoto ule mguu kwa mafuta ya ng'ombe, saa nzima, bila kuchoka, na ninashindwa kujua nimshukuru au nimtoe nje.

Mtoto sasa ana miaka mitano na yuko darasa la awali. Anatembea, mguu wa kushoto unaburuza, kiatu cha upande huo kinaisha kabla ya mwenzake. Wiki mbili zilizopita alirudi kutoka shuleni, akakaa jikoni nikiwa nasonga ugali, akauliza.

"Mama, mguu wangu nilizaliwa nao hivi?"

"Hapana. Ulikuwa mzima. Ulikuwa unakimbia."

"Nionyeshe."

Sikuwa na cha kumwonyesha. Nilisema, "Niamini tu, ulikuwa mzuri."

Alifikiri. "Bibi anasema uliufukia."

Mwiko ulisimama mkononi. Ningeweza kumwambia habari ya jua la Oktoba, na kaka yake, na fundi simu. Ana miaka mitano. Nikasema, "Ndiyo. Niliufukia."

"Halafu ukaufukua?"

"Nikaufukua."

"Wote?"

Nilimwambia wote, akaridhika, akaomba ukoko wa ugali. Nikampa. Kesho yake asubuhi, mtoto akiwa shule na baba yake akiwa shambani, nilifunga mlango, nikasogeza kitanda, nikachukua jembe. Mimi siamini mambo hayo. Nilichimba kuanzia ukutani mpaka katikati ya chumba, kisha nikaweka jembe chini nikaanza kuchekecha udongo kwa vidole.